Funzo: Barua ya wazi na barua yenye kufungwa



Mwezi huu ni zamu yetu, makapita wa internati wa darasa ya sita, kutayarisha funzo la buletini. Tumechagua telefone. Tunajua wengi watasema: «Makapita bananza tena na sheria yabo!» Hapana. Sheria munaijua: telefone inaingia katika sanduku saa tatu ya usiku na inarudishwa kwa mwenyewe kesho kisha masomo. Hatutaiandika mara ya pili. Tunataka kuandika ginsi mesaje inasafiri, nani anaweza kuisoma katika njia, na namna gani watu wanajaribu kuifunga.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika muhula uliopita ndugu mmoja wa internati alirudi kutoka likizo na telefone ya zamani. Kaka yake, mwenye anajifunza enformatike, alikuwa ameondoa sistemi ya kwanza na kutia ingine yenye jina LineageOS. Ndani hamukuwa Google, hamukuwa Facebook. Mama yake alikuwa anamwandikia kwa Signal tu. Wanafunzi walianza kusema: «Ule iko na siri gani? Ile ni telefone ya bapelelezi!» Na sisi makapita hatukusema neno la kumtetea. Kisha jambo lingine likatokea, baya kupita lile la kwanza. Tutalieleza karibu na mwisho, kwa sababu ni kosa letu wenyewe.

1. BARUA YA SANBALATI

Tuanze na Neno. Fungueni Nehemia sura ya 6. Nehemia anajenga ukuta wa Yerusalema. Sanbalati hapendi kazi hiyo. Mara ine anamtumia Nehemia ujumbe, na mara ine Nehemia anakataa kushuka. Mara ya tano Sanbalati anatuma mtumishi wake na barua, na Biblia inaonyesha wazi kwamba barua hiyo haikufungwa. Ndani yake muko masingizio: ati Wayahudi wanataka kuasi, ati Nehemia anataka kuwa mfalme.

Tuulize: juu ya nini barua ya mkubwa kwa mkubwa haikufungwa? Sisi tunafahamu hivi: barua ya wazi inasomwa na kila mtu mwenye anaishika katika njia. Mbele ifike kwa Nehemia, bongo ilikuwa imekwisha kutembea katika inchi nzima. Nehemia hakupigwa na upanga, alipigwa na barua yenye haikufungwa.

Basi, kufunga barua hakukuanza leo, na mtu mwenye anafunga barua yake haiko lazima mpelelezi. Katiba ya inchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 31, inampa kila mtu haki ya maisha yake ya pekee na ya siri ya barua na mawasiliano yake. Haki hiyo inaweza kupunguzwa tu pale sheria inasema.

2. NGOMA, FONI NA SMS

Wazee wetu walituma habari mbali bila waya. Karibu na Kisangani, kwa watu wa Lokele, ngoma ya mti ilisema maneno. Misionere mmoja wa Kibatisti, John Carrington, alikaa kule Yakusu, akajifunza kupiga ngoma hiyo, na katika 1949 alitoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba ngoma inafuata sauti ya juu na sauti ya chini ya maneno. Kwa kuwa maneno mengi yako na sauti sawasawa, mpigaji anaongeza maneno marefu kusudi msikiaji asikosee. Mgeni alisikia kelele tu. Lakini kila mtu mwenye alijifunza aliweza kufahamu, rafiki na adui pia. Ngoma haikuwa na ufunguo. Ilikuwa na luga tu.

Wazazi wetu wanakumbuka foni, ile redio ya kuitana. Mtu wa Lubumbashi aliongea na ndugu yake wa Kalemie ao wa Kamina, na watu wote wenye walifungua kwenye njia ile ile walisikia bei ya mahindi, habari ya kilio na ugomvi wa ndoa.

SMS ya leo inafanana na nini? Wengi wanafikiri inafungwa, kwa sababu inafika katika telefone ya mtu mmoja. Lakini inapita katika mashine za kampani ya telefone, na pale inakuwa wazi. Mwenye kusimamia mashine anaweza kuisoma, na mtu mwenye anaingia kwa wizi katika mashine anaweza vilevile. SMS ni barua bila bahasha: iko na jina ya mpokeaji juu yake, na maneno yanaonekana.

3. KUFULI INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Tutoe mfano. Mama yako iko Kolwezi, wewe uko hapa Lubumbashi. Katikati kuko karibu kilomita 300, na dereva wa basi anapenda kusoma barua za watu. Mutafanya nini?

Kutia barua katika sanduku na kufuli ni vema, lakini ufunguo utaufikisha kwa mama namna gani? Ukimpa dereva, yeye atafungua. Hii njo shida yenye ilisumbua wafalme, majeshi na wafanya biashara kwa miaka mingi sana.

Katika 1976 Waamerika wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia ya kutoka katika shida hiyo. Ukiipeleka kwenye mfano wetu, ni hivi: mama ananunua kufuli kule Kolwezi. Anakutumia kufuli tu, ikiwa wazi. Ufunguo anabakia nao katika mfuko. Wewe unatia barua katika sanduku, unabonyeza kufuli, inajifunga. Dereva hawezi kuifungua. Hata wewe mwenyewe, kisha kufunga, huwezi. Ni mama peke yake.

Katika telefone kufuli haiko chuma, ni hesabu. Kila telefone inatengeneza namba mbili kubwa zenye ni ndugu. Moja inatolewa kwa watu wote, ndiyo kufuli. Ingine haitoki katika telefone, ndiyo ufunguo. Kutoka kwa namba ya wazi kurudi kwa namba ya siri ni hesabu yenye mashine za leo haziwezi kumaliza katika wakati wa mtu kuishi. Basi wale wenye walisema hesabu haina faida kisha Exetat, wafikiri tena.

Signal inaenda mbele zaidi. Njia yake ya kufunga ilianza katika 2013, na inabadilisha ufunguo kwa kila mesaje. Mwizi akipata ufunguo wa leo, hafungui nao mesaje ya jana. Tangu Aprili 2016 WhatsApp pia inatumia njia hiyo hiyo kwa watumiaji wake wote, zaidi ya miliare moja wakati ule. Kwa hiyo ndugu mwenye anasema «WhatsApp haifungi kitu» anakosea. Maneno yenye unaandika kule yanafungwa kwenye telefone yako na kufunguliwa kwenye telefone ya mwenzako.

Lakini kubakia mtego mmoja. Dereva akiwa mwerevu, ataficha kufuli ya mama na kukuletea kufuli yake mwenyewe. Wewe utafunga kwa furaha, yeye atafungua, atasoma, kisha atafunga tena na kufuli ya mama. Hakuna mtu atajua. Juu ya hiyo Signal inaonyesha, kwa kila mtu mwenye unaongea naye, namba ya usalama yenye tarakimu 60. Mukikutana uso kwa uso, linganisheni namba. Kama zinafanana, kufuli ni ya mama kweli. Ni kazi ya dakika mbili, na karibu mtu hata mmoja haifanyi.

4. JUU YA NINI KUONYESHA KAZI YA NDANI

Mwalimu wa dini alituuliza swali muzuri: «Kama kufuli ni ya siri, juu ya nini watu wa Signal wanaonyesha maandiko yote ya programu yao kwa kila mtu? Mwizi hatajifunza?»

Jibu lilitolewa zamani. Katika 1883, kule Paris, mwalimu wa luga mwenye jina Auguste Kerckhoffs aliandika juu ya siri za jeshi. Alifundisha kwamba njia ya kufunga haipashwi kuwa siri. Ni ufunguo tu wenye unapashwa kuwa siri. Hata adui akipata mashine nzima, asiweze kusoma.

Fikirini kufuli za soko. Fundi wote wa Lubumbashi wanajua ginsi kufuli imetengenezwa ndani. Hata hivyo, kufuli nzuri inalinda butike usiku. Kufuli yenye inalinda tu kwa sababu hakuna mtu amekwisha kuitazama ni kufuli ya bongo. Siku mtu mmoja ataitazama, butike yote itabakia wazi.

Programu yenye maandiko yake yanaonyeshwa inaitwa programu ya wazi. Watu wa fasi mbalimbali wanaisoma, wanatafuta kosa, wanasahihisha. Haina maana kwamba haina kosa, lakini kosa iko na macho mengi juu yake. Hapa njo tofauti kati ya Signal na WhatsApp. Njia ya kufunga ni moja, lakini maandiko ya aplikasio ya WhatsApp hayako wazi. Tunapashwa kusadiki neno la kampani kwamba kufuli imetiwa vizuri.

5. NYUMBA YENYE KUFULI INAKAA NDANI

Sasa tufikirie sanduku yenye kufuli nguvu, lakini iko katika nyumba yenye madirisha yamevunjika, na mwenye nyumba anachungulia wakati unasoma barua yako. Kufuli itakusaidia nini? Nyumba ni sistemi ya telefone, ile programu ya kwanza yenye inaamsha telefone na kubeba zingine zote. Sistemi inaona kila kitu: vidole vyako vikiandika, mesaje ikifunguliwa kwenye kioo.

Telefone nyingi zetu ziko na Android. Chini kabisa ya Android kuko Linux, kazi yenye ilianzishwa katika 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21. Msingi wa Android ni wa wazi, kila mtu anaweza kuuchukua. Lakini juu ya msingi huo Google na mwenye kutengeneza telefone wanaongeza vyumba vyao, na vyumba hivyo havina dirisha la sisi kutazama.

Tena kuko shida ya umri. Hapa kwetu telefone mingi zinanunuliwa zikiwa zimekwisha kutumiwa. Kampani inatengeneza matengenezo ya usalama kwa miaka fulani, kisha inaacha. Telefone ingali na nguvu, lakini matundu yenye yanapatikana kila mwezi hayazibwi tena. Ni nyumba yenye mwenyewe amehama.

Kwa hiyo watu wamechukua ule msingi wa wazi na kujenga sistemi zingine:

a) LineageOS. Ilianza mwisho wa 2016, wakati kazi ya mbele yake, CyanogenMod, ilikufa. Inatengenezwa na watu wa kujitolea. Inapatia telefone za zamani matengenezo mapya kisha kampani kuziacha. Inatolewa bila aplikasio za Google.

b) /e/OS. Ilianzishwa na Mfaransa Gaël Duval, imejengwa juu ya LineageOS. Inataka mtu wa kawaida aweze kuishi bila Google. Mu fasi ya kazi za Google inatia programu ndogo ya wazi yenye jina microG.

c) GrapheneOS. Inaitwa hivyo tangu 2019. Inatazama usalama mbele ya yote. Imetengenezwa kwa telefone za Pixel, na bei ya Pixel munaijua.

Aplikasio za wazi zinapatikana katika F-Droid, soko yenye ilifunguliwa katika 2010. Signal yenyewe, tangu 2017, inaweza kuchukuliwa kwenye ukurasa wake bila kupita kwa Google.

Na sasa tuseme ukweli, kusudi mtu asikimbie kuharibu telefone ya baba yake.

Kwanza, kila sistemi iko na orodha ya telefone zenye inakubali. Telefone mingi za bei ndogo zenye tunanunua hapa haziko katika orodha hizo. Tazama mbele ya kununua.

Pili, ili kutia sistemi mpya unafungua mlango wa kwanza wa telefone, na kufungua huko kunafuta kila kitu ndani yake, picha na mesaje zote. Ukikosea, telefone inaweza kufa.

Tatu, kwa telefone mingi zenye kuwa na LineageOS ule mlango wa kwanza unabakia wazi. Mtu akiishika telefone kwa mkono, anaweza kuingiza mambo yake ndani. GrapheneOS inaufunga tena. Kwa hiyo sistemi ya wazi si dawa ya magonjwa yote.

Ine, Google njo inapigia telefone kengele wakati mesaje inafika. Bila Google, Signal inabakia na waya yake yenyewe yenye kufunguka saa zote, na betri inaisha mbio. Kwa sisi wenye umeme unakatika siku mbili kwa tatu, ile si neno ndogo.

Tano, aplikasio zingine za benki zinakataa kufanya kazi katika sistemi hizo.

Ile telefone ya ndugu yetu, basi, haikuwa ya mpelelezi. Ilikuwa telefone ya zamani yenye kampani yake ilikwisha kuacha, na kaka mtu aliiponyesha bila kutoa makuta.

6. MAMBO YENYE KUFULI HAIWEZI

Haiwezi kuficha bahasha. Kampani inaweza kukosa kujua maneno, lakini ikajua nani aliandikia nani na saa gani. Hapa programu hazifanani. Katika 2016 tribinali moja ya Amerika iliamuru Signal itoe habari ya mtumiaji. Signal ilikuwa tu na siku yenye jina iliandikishwa na siku ya mwisho ya kuunganishwa. Kitu mtu hachungi, hawezi kukitoa. Huo ni mfano hata kwa sisi wenye kuchunga habari za wengine.

Haiwezi kupita pasipo njia. Katika Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti na SMS zilikatwa katika inchi. Uchaguzi ulifanywa tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake intaneti ilikatwa tena, karibu siku 20. Katika siku kama hizo kufuli nguvu kupita zote inalala pamoja na kufuli mubaya. Kuko aplikasio ya wazi, Briar, yenye ilitoka katika 2018. Inaweza kutuma mesaje kutoka telefone hadi telefone kwa Bluetooth ao Wi-Fi, bila intaneti. Lakini lazima telefone zikaribiane, sawa toka chumba hadi chumba. Mama wa Kolwezi haifikii.

Haiwezi kukulinda kwa ulimi wako. Mtu anakuita: «Ndugu, nilikosea, nimetuma kodi kwenye namba yako, unirudishie ile tarakimu.» Usimpe! Ile kodi njo mlango wa aplikasio yako ao wa makuta yako. Hakuna kampani ya kweli yenye inaomba kodi yako.

Haiwezi kuchunga nakala yenye umetupa pembeni. Mazungumzo ya WhatsApp mengi yanaandikwa nakala kwenye mashine za mbali. Tangu 2021 unaweza kufunga hata nakala hiyo, lakini lazima uchague wewe mwenyewe.

Na haiwezi kukulinda kwa mtu mwenye anashika telefone yako. Hapa tunafika kwa neno letu.

7. KOSA LETU

Usiku mmoja wa muhula uliopita, saa tatu ilipita, telefone zote zilikuwa juu ya meza yetu mbele ya kuingia katika sanduku. Telefone ya yule ndugu iliwaka. Ilikuwa imefungwa na kodi, lakini mesaje ilionekana juu ya kioo, mistari tatu. Ilikuwa ya mama yake. Aliandika kwamba baba amesimamishwa kazi, makuta ya masomo haitapatikana mwezi ule, na mtoto asiseme kwa mtu kwanza.

Mmoja wetu alisoma. Alisoma kwa sauti. Wengine tulisikia, na hakuna mwenye alisema «Funika». Asubui, mbele ya bukari ya saa sita, internati nzima ilijua. Wengine walimcheka. Siku tatu yule ndugu hakuingia katika chumba cha chakula.

Ndugu, tazameni vizuri. Mesaje ile ilifungwa Kolwezi na kufuli yenye wenye akili wa dunia hawajavunja. Ilipita katika mashine za kampani, katika waya na hewa, na hakuna mwenye aliisoma. Ilikuja katika sistemi yenye kaka alitengeneza kwa mikono yake. Njia yote ilikuwa salama. Ilivunjwa kwa meza ya makapita, na watu wenye walipewa kazi ya kuchunga.

Tulienda kumwomba yule ndugu msamaha. Alitusikia, akatusamehe, na alitukubalia kuandika habari hii bila jina yake. Tunawaomba na ninyi msamaha, kwa maana kila mmoja wenu alitupatia telefone yake akisadiki. Bwana Prefe alitupa azabu yetu, na ilikuwa haki.

Kutoka sasa, hivi njo tutafanya. Mwenye telefone ataizima yeye mwenyewe mbele yetu. Ataitia katika bahasha, ataandika jina yake juu ya fasi ya kufungia. Kesho ataifungua yeye. Bahasha ikiwa imepasuka, kapita wa zamu atajibu.

Na ninyi, fanyeni hivi katika telefone zenu, hata kama haziko na sistemi ya ajabu. Fungueni matengenezo ya aplikasio na kuondoa maneno ya mesaje juu ya kioo. Signal iko na fasi ya kuchagua isionyeshe jina wala maneno. Tieni kodi yenye haiko mwaka wa kuzaliwa. Ruhusuni matengenezo ya usalama kila mara, hata kama inakula mega. Wakati munapeleka telefone kwa fundi wa balabala, toeni kwanza kadi, na msimwachie kodi bila sababu.

8. BARUA YA URIA

Tumalize na barua ingine ya Biblia, 2 Samweli sura ya 11. Mfalme Daudi anaandika kwa Yoabu na kumpa Uria aipeleke. Uria anabeba barua hiyo kwa mkono wake mpaka vitani, hajui yenye iko ndani. Ndani yake muko amri ya kifo chake mwenyewe.

Barua ile ilichungwa vizuri. Mjumbe hakuisoma. Siri ilikaa siri, na mtu wa haki alikufa. Kwa hiyo kufuli haisemi kama barua ni nzuri ao mubaya. Inachunga neno la mama mwenye uchungu, na inachunga pia neno la mfalme mwenye kuua. Mwenye kusema «programu hizi ni za shetani» anasahau mama. Mwenye kusema «sasa nitaandika kila kitu, hakuna mtu ataona» anasahau kwamba Mungu aliona barua ya Daudi, na Natani alitumwa.

Sanbalati aliacha wazi barua yenye ilipashwa kufungwa. Daudi alifunga barua yenye haikupashwa kuandikwa. Mbele ya kubonyeza, tujiulize mambo mawili: neno hili ni la nani? Na nikifunga, ninalinda nani?

MAULIZO (kwa vikundi, Jumamosi kisha kufua)

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya luga ya ngoma na kufuli yenye ufunguo.
2. Katika mfano wa dereva wa basi, namba ya usalama inasaidia nini?
3. Juu ya nini Kerckhoffs alikataa kwamba njia ya kufunga iwe siri? Toa mfano kutoka maisha ya internati.
4. Telefone ya zamani yenye LineageOS: taja faida mbili na hasara mbili.
5. Umeona bila kutaka mesaje ya mwenzako. Utafanya nini katika dakika ya kwanza? Utamwambia? Jibuni kwa kweli, musijibu yale makapita wanapenda kusikia.

Tunawatakia kazi njema na mutihani muzuri.

Makapita wa internati,
darasa ya sita